Simu Niliyoianika Juani

Siku niliyokwenda kununua simu yangu ya kwanza ya kugusa, niliichagua jinsi mtu anavyochagua muhogo sokoni. Niliishika, nikaipima uzito, nikaigonga kwa ukucha, nikaiweka sikioni. Muuzaji alikuwa bwana mmoja wa kutoka Butembo, mwenye duka la simu zilizokwisha kutumika karibu na soko kubwa la Kindu, na aliniacha nimalize. Nadhani alishaona wazee wengi wa aina yangu, ila sidhani kama alishamwona aliyeinusa simu. Mimi niliinusa. Nilikuwa natafuta harufu ya waya ulioungua.

"Baba, hii iko nzuri," alisema mwishowe. "Ni ya zamani, lakini njo zile za nguvu. Za sasa hizi ni plastiki tupu."

Sijui nani alimwambia kwamba hayo ndiyo maneno ninayopenda kuyasikia kuliko hata salamu. Nikamuuliza ilikuwa ya nani.

"Ya sista moja wa misioni. Masista hawapigaka telefone mingi, baba. Iko sawa mupya."

Nililipa, nikavuka mto kurudi kwetu Alunguli, simu nimeishika kifuani kwa mikono miwili, na ndani ya mtumbwi nikamweleza abiria wa pembeni, ambaye hakuwa ameniuliza kitu, kwamba vitu vya zamani ndivyo vitu. Nilipofika nyumbani mke wangu akafungua mahali pa picha. Kulikuwa na mwanamume mnene amesimama mdomoni mwa shimo la machimbo, kifua wazi, chupa ya bia katika kila mkono. Picha za namna hiyo zilikuwa nyingi, na katika nyingine alikuwa anacheza.

"Huyu sista iko na ndevu," mke wangu akasema, akarudi kwenye sombe yake, majani ya muhogo aliyokuwa anatwanga.

Mtu mwenye akili angerudi dukani siku hiyohiyo. Angalau angemtafuta mtu wa kuifuta ile simu yote na kumwambia kama haikuibwa. Mimi sikufanya hivyo, maana kurudi kungekuwa kukiri kwamba nimedanganywa, na mimi nilikuwa mtu wa mitambo. Kwa miezi kadhaa nilitembea na maisha ya mchimbaji mmoja mfukoni mwangu, na kila nilipotafuta picha ya mjukuu nilimkuta yeye kwanza.

Huu umtu wa mitambo niliupata wapi? Niliupata kwenye foni. Katika miaka ya vita nilikuwa opereta wa foni, yaani redio ya upepo, ile ya kubonyeza kitufe ukitaka kusema na kukiachia ukitaka kusikia. Reli ilikuwa imekufa, barua hazikuwa na njia, chumvi ilikuwa inapimwa kwa kijiko cha chai, na mtu aliyetaka kujua kama ndugu yake wa Punia au wa Kampene bado anapumua alikuja kukaa kwenye benchi langu. Foni ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja aliyeitumia kuita ndege za mzigo. Asubuhi ilikuwa yake, mchana ilikuwa ya watu, na mimi nilikaa katikati nimevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Siri haikuwapo. Ukitangaziwa msiba, benchi zima lililia nawe. Ukiambiwa mke wako amejifungua, benchi zima lilianza kuhesabu miezi. Na sheria ilikuwa moja tu: ukimaliza maneno yako unasema *à vous*, Kifaransa cha kumwambia mwenzako kwamba zamu sasa ni yake, ndipo unaachia kitufe. Ujumbe ukifika unajibu *bien reçu*, nimepokea vizuri. Aliyesahau kusema à vous alimngoja mwenzake huku mwenzake akimngoja yeye, na betri ikaisha bure.

Betri ndiyo iliyokuwa roho ya kila kitu. Ya foni ilikuwa betri ya gari, iliyolishwa na bamba moja la jua juu ya paa. Zile ndogo za redio na tochi, zikichoka, hakuna aliyezitupa. Kindu nzima ilizianika. Ungeziona zimepangwa juu ya mabati pembeni ya muhogo na mpunga, zinaota jua, na kweli zikishaota zilikupa taarifa ya habari moja nzima kabla ya kufa tena. Mimi nilikuwa bingwa wa kuanika. Watu waliniletea za kwao niwaanikie, nami nilizigeuza upande mmoja hadi mwingine kwa uso wa daktari.

Sasa naja kwenye jambo ninaloona aibu kuliandika.

Mama yetu alikuwa amekimbilia Punia pamoja na dada yangu mkubwa, ambaye huku kwetu tunamwita yaya. Asubuhi moja opereta wa Punia aliniambia kwamba yaya atakuja kwenye foni saa tisa za mchana, pamoja na mama. Mama alikuwa mgonjwa na alitaka kusikia sauti yangu. Nilioga, nikavaa shati la maana. Watu walianza kujaa kwenye benchi mapema, na miongoni mwao alikuwamo msichana mmoja ambaye nilitaka ajue mimi ni nani. Basi nikachukua nyaya mbili, nikaunganisha redio-kaseti yangu na betri ya foni. Muziki ulilia tangu saa saba. Msichana yule hata siye niliyemuoa. Niliyemuoa anasema yeye angeondoka kwenye wimbo wa pili.

Saa tisa Punia wakaita. Nikasikia sauti ya yaya: "Kindu, Kindu, mama iko hapa karibu yangu, à vous." Nikakibonyeza kitufe. Kwa haraka sikukumbuka hata kuzima muziki. Nikasema, "Mama, nakusikia, sema, à vous," na sindano ya foni inayoonyesha nguvu ikalala pale pale. Betri ilikuwa imekwisha.

Kesho yake mvua ikaanza, na ilinyesha siku tatu. Bamba halikuona jua. Betri ilipopata nguvu tena, yaya alikuwa peke yake upande wa pili. Mama alikuwa amezikwa jana yake.

Akaniuliza siku ile kulitokea nini.

"Ni mvua, yaya," nikasema. "Betri ilikosa jua. À vous."

Akajibu bien reçu. Watu wa benchi walikuwa walewale, walikuwapo siku ile, muziki waliusikia, na jua lililokuwa linawaka siku ile waliliona. Hakuna aliyenisuta. Afadhali wangenisuta. Uongo ule nimeubeba mpaka nimepata wajukuu, na sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mke wangu.

Yaya huyo ndiye sababu ya mimi kununua simu ya kugusa. Yaya bado yuko Punia na hajui kusoma. Binti yake alimpa simu ya kutumiana sauti: unabonyeza, unasema, unaachia. Wajukuu walijiandaa kumfundisha wiki nzima, lakini yaya aliielewa siku ya kwanza, maana kwake ni foni ileile iliyopunguzwa ukubwa. Kila ujumbe wake huanza na "Kindu, Kindu" na kuishia na à vous. Habari za kuku, habari za barabara iliyokatika, habari za jirani asiye na haya, à vous. Nami humjibu vivyo hivyo. Mke wangu hucheka mpaka anashika ukuta akitusikia.

Kwa mwaka mmoja ile simu ilinitumikia vizuri, nami sikuacha kulisema hilo kila nilipokaa na watu. Halafu ikaanza kuzeeka. Ilijaa polepole na kuisha upesi. Ilizima katikati ya neno huku ikidai bado ina nusu ya nguvu. Ile programu ya sauti nayo ikaanza kuniletea onyo kwamba simu yangu ni ya zamani mno na karibu itaacha kuihudumia. Kila onyo lilipokuja nililifukuza kwa kidole na kuendelea na mambo yangu. Nilidhani ni matangazo.

Siku moja ukaja ujumbe mfupi wa yaya.

"Kindu, Kindu. Mudogo wangu, iko neno moja ya zamani nataka kukuambia mbele nikufe. Ni ya siku ile mama alikuya ku foni. Nitaisema kesho, nikipata rezo muzuri. À vous."

Sikumjibu. Kesho yake, kama saa nne asubuhi, rezo, yaani mtandao, ilipotulia, ujumbe ukafika, na pembeni yake pameandikwa urefu: dakika tisa. Yaya, ambaye hata msiba huutangaza kwa dakika moja, alikuwa amesema dakika tisa. Nikajua basi anajua. Nani alimwambia sikujua, lakini anajua ni muziki, na ametumia dakika tisa kunieleza mimi ni mtu wa namna gani.

Betri ilikuwa nyekundu. Nikajiambia, kwa sauti yangu ile ya kifundi, kwamba ujumbe mkubwa namna hii haufai kufunguliwa kwa betri mbovu, utakatika njiani; tuiponye betri kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilitaka mchana mmoja zaidi wa kuwa mdogo wake.

Na mimi betri ninaiponya vipi? Nilitoka nje, nikaiweka simu juu ya bati la paa la jiko, uso chini mgongo juu, pembeni ya mpunga aliouanika mke wangu. Akaniuliza nafanya nini pale. Nikamjibu kwamba mambo ya betri awaachie wenye kazi yao.

Saa nane nikaifuata. Ilikuwa ya moto mpaka nikawa naihamisha mkono huu na mkono huu, mgongo wake umeinuka na kioo kimebenuka upande mmoja. Ilikuwa imevimba kama andazi. Nami, Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba imeshiba. Wazo la pili lilikuwa kuibonyeza irudi. Nilipoibonyeza ikatoa mlio mdogo wa kufoka na harufu tamu ya rangi ya kucha, na hapo hata mimi bingwa nikaiachia ikaanguka kwenye mpunga.

Nikaifunga kwa kitambaa, nikavuka mto. Karibu na kivuko kuna fundi wa simu, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba na meza ndogo chini ya mwavuli. Nilipokifungua kitambaa alirudi nyuma hatua mbili.

"Baba, uliifanya nini?"

"Niliianika kidogo."

"Uliianika?"

"Ilikuwa imechoka."

Nilitegemea acheke. Hakucheka, na hapo ndipo nilipotishika. Aliniambia nisimame mbali, akavuta ndoo ya mchanga kutoka chini ya meza, akaitoa betri kwa kijiti cha plastiki polepole sana, akaizika mchangani.

"Hii ingewaka mu mufuko yako," alisema. "Ama mu nyumba, watu wako ndani. Betri hii haipendake jua. Hata kidogo."

Nikamwambia simu yenyewe siitaki tena. Nataka kitu kimoja tu kilichomo, sauti ya dakika tisa. Alinitazama usoni, nadhani akaona si mchezo, akaunganisha nyaya zake, na baada ya muda kioo kikawaka kwa upande mmoja. Akaigusa ile programu ya sauti. Ikakataa kufunguka. Simu hii ni ya zamani mno, ilisema, muda wa kuihudumia umekwisha. Akatafuta ndani, kwenye mafaili, mahali sauti zinapohifadhiwa. Alizikuta za kuku na za barabara. Ya dakika tisa haikuwamo. Akanieleza kwamba ilikuwa imefika jina tu. Yenyewe ingeshuka pale tu ambapo ningeigusa, nami sikuigusa.

"Telefone ya zamani si mubaya, baba," alisema huku anakusanya skrubu. "Mimi mwenyewe niko na ya zamani. Lakini unauliza mbele. Betri yake ingali inauzwa? Ile programu unataka, itaikubali mpaka lini? Mwenye alikuwa nayo alitoa vitu vyake vyote, ama ni ya kuiba? Weye uliuliza nini?"

"Niliuliza ilikuwa ya nani."

"Na alikuambia?"

"Ya sista."

Hapo ndipo alipocheka, akavua miwani apanguse macho. "Wote wanauzishaka ya sista," alisema.

Sasa nina simu nyingine, nayo si mpya, maana mfuko wangu ni uleule. Niliinunua kwa huyu mama baada ya kumsumbua kwa yale maswali yake mwenyewe, moja baada ya jingine, mpaka akaniomba nimpumzishe. Inakaa kivulini. Wakija majirani kuniuliza kama simu iliyokwisha kutumika inafaa kununuliwa, nawaambia inafaa, mradi asiinunue mtu kama mimi.

Lakini wakati ule sikuwa nayo bado, na siku zilikuwa zinapita. Ningeweza kumpigia yaya kwa simu ya mke wangu, ile ndogo ya vitufe ambayo nilikuwa naicheka kila siku na ambayo haijawahi kuvimba. Sikumpigia. Ningemwambia nini? Kwamba nilimnyima mama sauti yangu, na sasa nimeichoma na ya kwake?

Siku ya sita tulikuwa tunakula wali mchana, ile simu ndogo ikaita. Mke wangu akaitazama, akanisukumia.

"Ni Punia," alisema.

"Kindu, Kindu," alisema yaya. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mudogo wangu, umekasirika? Nilisema mingi sana? À vous."

Nilidhani ni mimi ninayengojea hukumu, kumbe yeye alikuwa amekaa siku sita anaingojea yangu. Nilishindwa kutafuta uongo. Wa mvua nilikuwa nimeshautumia.

"Yaya, sikuisikia. Niliweka telefone ku jua, ikapasuka. À vous."

"Uliianika? Sawa zile za wakati wa vita?"

"Ndiyo, yaya."

Alicheka mpaka akakohoa, na nikamsikia anamweleza binti yake, na binti yake naye akacheka. Nikaona nikingoja amalize nitakosa nguvu.

"Yaya, ile siku haikuwa mvua. Nilipiga muziki ku betri ya foni. Muziki njo ilikula betri. À vous."

"Najua," alisema. "Ulipobonyeza, muziki iliingia yote. Watu wote wa foni ya Punia waliisikia. Mama pia aliisikia. Kila siku alikuwa anauliza kama uko muzima. Tunamwambia uko muzima, haamini, anasema tunamuficha. Ile siku akasikia muziki, akacheka. Akasema, 'Iko anapiga muziki. Basi mutoto wangu iko muzima.' Hakuuliza tena mpaka alikufa."

Kwa bahati nzuri zamu haikuwa yangu.

"Kisha weye ukasema ni mvua," akaendelea. "Nilikukasirikia sana. Nikasema, hii neno ya mama simupe. Nikaificha miaka hii yote, juu ya hasira tu. Njo nilikuwa nakuomba pole, mudogo wangu. Ile dakika yote tisa ilikuwa ya kukuomba pole. À vous."

Mke wangu alikuwa ameacha kula. Kidole gumba changu kilikuwa kinapapasa ubavuni mwa ile simu ndogo, kinatafuta kitufe cha kubonyeza ili niweze kusema, na simu zile hazina kitufe hicho. Upande wa pili yaya alikuwa anangoja. Alishanipa zamu, na yeye si mtu wa kumwingilia mwenzake.

"Bien reçu, yaya," nikasema. "Bien reçu."